Kiingereza cha Kugeukia Ukuta

Kwa miaka kumi na mmoja nilimjua mama mkwe wangu kwa miguu. Nilijua kandambili zake za bluu, nilijua pindo za vitenge vyake tunavyoviita vikwembe, na nilijua kikohozi chake, ambacho alikuwa akikitanguliza kila alipokaribia kona ili mimi nipate muda wa kupotea. Uso wake sikuujua. Polisi wangeniuliza ana pua ya namna gani, ningelala ndani.

Ndivyo tulivyo sisi ambao babu zetu waliletwa Lubumbashi kutoka kaskazini ya Katanga kufanya kazi ya reli na ya migodi. Walikuja na masanduku na haya zao. Mkwe wa kiume na mama wa mke wake hawatazamani. Hawapeani mkono, hawali meza moja, hawatajani majina, na wakiwa na neno la kuambiana wanamtafuta mtu wa katikati alipitishe. Siku hizi wengi mjini wameacha, na nina rafiki ambaye anakunywa bia na mama mkwe wake mchana kweupe. Kwetu hatukuacha. Mama mkwe ni mtu wa kanisa na mtu wa mila kwa kipimo kilekile, na mimi ni mwoga.

Sasa mnielewe niliposhtuka. Nafundisha Kiingereza katika ukumbi wa parokia huku Makomeno, Jumatatu na Alhamisi alasiri. Wanafunzi wangu ni watu wazima: madereva wa Kipushi, akina mama wanaoleta bidhaa kutoka mpakani Mokambo, vijana wanaotafuta kazi. Siku hiyo niliingia, nikaandika tarehe ubaoni, nikageuka kusalimia, na chini ya benchi la mbele nikaona kandambili za bluu.

Chaki ilianguka. Niligeukia ubao tena na sikugeuka mpaka kipindi kikaisha. Nilifundisha saa nzima na nusu nikiuangalia ubao kama mtu aliyewekwa adhabu, kijasho chembamba kinanitiririka mgongoni, na nilipotoka nilitoka kinyumenyume.

Nyumbani nilimkuta mke wangu anatwanga sombe, yaani kisamvu.

"Ulijua?" nikamwuliza.

"Nilijua."

"Na haukuniambia!"

"Ningekuambia, ungefunga masomo."

Kweli ningefunga. Nilikasirika, nikasema mambo kuhusu heshima ya kazi yangu, na yeye akaendelea kutwanga mpaka nilipochoka. Ndipo akanieleza. Dada yake mkubwa anaishi Johannesburg na mume wake na binti yao mmoja wa miaka saba. Huyo mtoto anasema Kiingereza tu, kwa sababu ambazo tumeshazigombania na ambazo hazinihusu. Mama mkwe hajawahi kumshika mkono. Mwaka huo dada alitaka kumleta kwa kambo yake, yaani bibi yake, akae likizo nzima. Mtoto akakataa. Alisema hawezi kulala kwenye nyumba ya mtu asiyeweza kusema naye.

"Na mama yake hawezi kumulazimisha?" niliuliza.

"Dada halazimishaka mutoto. Anasema: akipenda, tutakata tiketi. Asipopenda, basi."

Tiketi zingekatwa baada ya miezi miwili na kitu. Mama mkwe alikuwa amesikia hayo, akanyamaza siku mbili, siku ya tatu akaenda kununua daftari. Alikuwa na miaka sitini na minane. Mwalimu mwingine wa Kiingereza anayefikika kwa miguu hayupo. Nilikuwa na nafasi ya kumwendea paroko niombe kubadilishiwa kazi, na nilifikiria sana jambo hilo, lakini nikamfikiria pia yule mama akinunua daftari, nikaacha.

Tukapata njia. Jirani yake pale bencheni alikuwa fundi wa nguo, mzee wa Kiislamu ambaye babu zake walikuja kutoka Maniema na biashara zao, mtu wa kofia nyeupe na sauti ya kusikika mitaa miwili. Yeye ndiye akawa mtu wa katikati. Mimi niliuuliza ubao. Fundi akapokea swali, akampelekea mama mkwe. Mama mkwe, ambaye naye hakuruhusiwa kunitazama, aligeukia ukuta wa dirishani akajibu. Fundi akapokea jibu, akanirudishia mgongoni. Wiki ya kwanza darasa zima lilicheka. Wiki ya tatu walizoea, na hata mimi nilizoea, ila mimi nilikuwa naona ubao tu.

Siku tuliyofika kwenye neno "think" ndiyo siku niliyojua kwamba mama mkwe wangu si mwanafunzi wa mchezo. Niliandika neno, nikasema maana yake ni kuwaza. Nikaongeza kwamba ni kufikiri pia. Kisha nikakumbuka kwamba ni kudhani. Nikatoa mfano wa mtu anayesema "naona mvua itanyesha," nikasema huyo naye kwa Kiingereza anatumia neno hilohilo, ingawa haoni kitu, mawingu yenyewe hayapo. Na mtu anayemkumbuka mama yake aliye mbali, neno ni hilo. Na mtu anayetaka kuhama nyumba lakini bado hajaamua, ni hilo. Na mtu anayeambiwa "kesho utakuja?" naye hataki kujifunga, anasema kwa neno hilohilo kitu cha katikati, "I think so," nadhani ndiyo, maana yake usininunulie soda bado.

Nyuma yangu kalamu zilisimama. Fundi akakohoa, akamtaja mama kwa ile "ba" ambayo kwetu ni "wa" ya heshima.

"Mwalimu, mama banauliza. Banasema hivi: muntu mwenye kuwaza mutoto wake tangu asubui mpaka mangaribi, na muntu mwenye kuwaza kama bei ya unga itapanda, bote babili banatumikisha neno moya?"

"Ndiyo," niliuambia ubao.

Fundi akapeleka. Jibu likarudi.

"Mama banasema, basi bazungu beko na choyo."

Nilitaka kuwatetea Waingereza, nikaishia kufuta ubao. Niliwahi kusoma lugha hiyo miaka minne na hakuna profesa aliyewahi kunitajia choyo. Sisi tuna kuwaza, kufikiri, kudhani, kuona, kukumbuka, kila moja na kazi yake na saa yake. Wao wanapika kila kitu katika sufuria moja, maharagwe na maji ya kuoga. Halafu ukiwasikiliza, anayesema "nadhani" mara nyingi ana hakika kabisa, anaona haya tu kukwambia uso kwa uso kwamba umekosea. Kwetu anayesema "nazani" hajui chochote. Hayo yote niliyaeleza ubaoni kwa hamu kubwa, na mama mkwe aliyaandika yote, nilisikia daftari likigeuzwa kurasa.

Swali alilolipenda ni lile la kumwuliza mtu mawazo yake: "What do you think?" Alitaka hilo hasa. Mke wangu aliniambia kwamba mama yake analisema jikoni, analisema akifagia, analisema kwa kuku. Alikuwa amepanga kwamba siku ya kwanza ya kusema na mjukuu hatamwambia habari za shule wala za baridi. Atamwuliza anawaza nini, kisha atanyamaza amsikilize.

Mwezi wa pili ulipoisha, alikuwa wa kwanza darasani. Nilijivuna. Nilimwambia mke wangu tupange simu ya video siku ya Jumapili baada ya misa, nyumbani kwetu.

Siku hiyo mimi nilikaa jikoni nyuma ya pazia, kama inavyotakiwa. Mama mkwe aliingia kwa mlango wa mbele, nikasikia kikohozi, kandambili, kiti. Halafu nikasikia sauti ya pili, kubwa, ikisalimia nyumba nzima. Alikuwa amekuja na fundi. Nilichungulia kidogo nikaona kanzu iliyopigwa pasi mpaka inang'aa.

Simu ikaita. Dada akaonekana, salamu zikapita, kisha akamweka mtoto mbele. Nikasikia kiti kinaburutwa. Nikasikia mama mkwe akisema, kwa Kiingereza safi kabisa, matamshi yangu yote yapo: "What do you think?" Moyo wangu ulijaa. Lakini sauti ilikuwa inatoka upande usio wake. Ilikuwa inagonga ukuta.

Fundi akaiinamia simu na kurudia kwa sauti ya kuadhini, "What do you think?"

Kidogo kidogo sauti nyembamba ya mtoto ikauliza, kwa Kiingereza, kama huyu mzee ni babu yake.

Fundi si mwongo. Alichotaka ni adabu tu, na mimi nilikuwa nimemfundisha kwamba mtu asiyetaka kujifunga anajibu "I think so." Akajibu hivyo.

Johannesburg kulilipuka. Dada alikuwa anapiga kelele kwa Kiswahili, "Nani huyu? Mama! Banani habo? Mama, mugeuke basi!"

"Acha kwanza," mama mkwe akajibu kwa utulivu, bado anaongea na ukuta, "hii ni Kiingereza."

Hapo nikafahamu. Nilitamani sakafu ya jikoni ipasuke inimeze. Kwa miezi miwili nilikuwa nimemwonyesha lugha ya watu kwa mgongo, na yeye alikuwa ameipokea hivyo. Kumbe aliniamini kuliko nilivyojua. Aliona mwalimu akiuliza hageuki, na mwenye kujibu anageukia ukuta, na katikati anakaa fundi, akasema moyoni, sawa, kumbe hata wazungu wana haya zao, kila taifa na desturi yake.

Mtoto naye aliona kitu kimoja tu, kitambaa cha kichwa cha kambo yake kwa nyuma. Akauliza kwa nini kambo hataki kumtazama. Hakuna aliyewahi kumjibu. Alishuka kwenye kiti na hatukumwona tena, na baada ya dakika chache dada akarudi akasema mtoto amekataa kuja, anasema kambo hampendi, na tiketi zinakatwa Jumamosi ijayo bila yeye, kwa hiyo tusijisumbue.

Wageni walipoondoka mke wangu alinipa vidonge vyangu. Alinipa vyote, bila maji. Halafu akanitupia daftari ambalo mama yake alikuwa amelisahau kitini. Lilikuwa daftari zuri. Mwandiko wa mtu aliyefundishwa na masista. Kando ya kila swali palikuwa na mshale mdogo, na chini ya mshale ameandika: *hapa unageuka*. Kando ya "What do you think?" aliweka mishale miwili.

Nililia kidogo. Nasema ukweli. Na Jumatatu nilipofika darasani nikawaomba wanafunzi waulizane swali hilo, nikageuka ghafla, na nikawaona wote wamekaa wakiangalia kuta, mmoja mmoja na ukuta wake. Kijana mmoja akanieleza kwamba wiki iliyopita alikwenda kuomba kazi ya ulinzi kwa wageni fulani, akahojiwa kwa Kiingereza, akajibu vizuri sana, lakini wakamwambia atoke. Bado alikuwa anashangaa. Mama mkwe hakuja siku hiyo.

Kwetu kuna njia ya kuondoa haya ya wakwe. Mkwe analeta kuku na kikwembe, wazee wanakaa, watu wanakula bukari, ugali wetu, pamoja, mjomba wa mke anasema maneno yake, na tangu hapo mnaweza kutazamana kama wanadamu. Bila mjomba haiwezekani. Nilimpigia simu jioni ileile. Mjomba wa mke wangu ni mtu ambaye amewaza maisha yake yote, na hakuna mtu aliyewahi kuona kilichotoka humo.

"Ni jambo ya kuwaza," akasema.

"Mjomba, tiketi ni Jumamosi."

"Njo maana tutawaza muzuri. Nitakuita nyuma ya Pasaka."

Pasaka ilikuwa mbali kiasi kwamba sikumwuliza ni ya mwaka gani. Nilikata simu kwa hasira, bila kuaga. Kile kikao cha wazee ndicho peke yake kilichokuwa kinamzuia mtoto wa miaka saba kuuona uso wa kambo yake, na anayekishikilia alikuwa anawaza.

Alhamisi niliingia darasani nimechoka. Kandambili za bluu zilikuwepo. Niligeukia ubao haraka, nikainua chaki.

"Mwalimu," fundi akasema, na mara hii sauti yake ilikuwa ndogo, "mama banasema mugeuke."

Sikugeuka. Sikuweza. Miaka kumi na mmoja si kitu unachokivua kama koti.

"Ubaambie mama," nikasema, "tungojee mjomba."

Fundi hakupeleka. Nikasikia benchi linasogea, kandambili zinapiga sakafu ya simenti, taratibu, zinakuja mbele, zikasimama nyuma yangu. Hakukohoa.

"Mwalimu," akasema mwenyewe. Sauti hiyo nilikuwa nimeisikia ikipita kwenye mapazia na milango, haikuwahi kuelekezwa kwangu. "Hapa mi siko mama wa muke wako. Mi niko mwanafunzi. Nimelipa. Mwanafunzi anataka kujua bazungu banasemaka na macho namna gani. Geuka unifundishe."

Niliogopa, nataka iandikwe hivyo. Nilihisi niko uchi. Nikapiga moyo konde, nikageuka.

Alikuwa mfupi kuliko nilivyomjenga. Pua ilikuwa ya mke wangu. Macho yake yalikuwa yamejaa maji na mkoba ameushika kwa mikono miwili, na nikatambua kwamba kwake ilikuwa kazi ngumu zaidi, kwa maana yeye ndiye aliyelelewa kwenye haya hiyo na kuilinda, mimi nilikuwa nimeirithi tu. Tukatazamana.

"Uliza," akaniambia.

Nikauliza. Akajibu akinitazama. Mara ya kwanza alishusha macho, mara ya pili pia. Mara ya tano hakushusha. Tuliendelea saa nzima, mimi na yeye tumesimama katikati ya ukumbi, tunaulizana mawazo yetu kwa lugha ya watu wengine, na yale aliyonijibu yalikuwa mambo ya kitabu tu, mvua, soko, bei ya unga. Fundi alikuwa analia waziwazi. Alisema ni chaki.

Dada alikubali simu moja ya mwisho, Jumamosi asubuhi, kabla ya kwenda kukata tiketi zao wawili bila mtoto, kwani yeye na mume wake walikuwa waje hata hivyo na mtoto aachwe kwa majirani. Mama mkwe alifika mapema. Aliniita nitoke jikoni, nikae. Tuliiegemeza simu kwenye kopo la sukari. Safari hii fundi aliachwa kwake.

Mtoto akatokea, amenuna, kidevu chini. Mama mkwe alikuwa amekaa uso kwa uso naye. Na akanyamaza.

Alimtazama. Tulingoja lile swali, na swali halikuja. Mke wangu akamgusa bega. Dada akauliza kutoka kule kama mtandao umekwama, maana mama haonekani akitikisika. Mimi mdomo wangu ulikuwa unalitamka swali bila sauti, kama mwalimu mjinga kwenye mtihani wa mwanafunzi wake.

Mtoto akainua kidevu. Akauliza kwa Kiingereza, kambo, unawaza?

"No," mama mkwe akasema. Akatafuta maneno. "Now I look. I think after."

Yaani sasa naangalia, kuwaza ni baadaye. Mwalimu ndani yangu aliona la kusahihisha, na mtu ndani yangu alimwambia anyamaze. Mtoto akafikiria jibu hilo. Akasogea, akasogea tena, mpaka kwenye simu tukabaki na jicho moja na nusu ya paji la uso, na yule mama naye akainama mpaka pua ikakaribia kopo la sukari. Wakaangaliana hivyo muda mrefu.

Kisha jicho likauliza kama kwa kambo kuna mbwa.

Nilimtazama mke wangu, mke wangu akanitazama. Hilo ni swali la mtu anayekuja.

"Yes," mama mkwe akajibu bila kusita.

Mkubwa?

"Very big."

Mtoto akageuka akamwambia mama yake jambo, tukasikia dada anacheka na kulia pamoja, tukasikia neno tiketi, na simu ikakatika. Mke wangu alikaa chini sakafuni. Mama mkwe alijipangusa macho kwa ncha ya kikwembe, akafunga mkoba wake, kisha akanigeukia, usoni moja kwa moja, na kwa mara ya kwanza hakuniita mwalimu.

"Mukwe," akasema, "sasa mbwa tutaipata wapi?"

Katika ukoo wetu wote hakuna aliyewahi kufuga mbwa. Nilivaa viatu. Tukatoka wote wawili, yeye mbele na mimi nyuma, kisha kwenye kona akanisubiri, na tukaanza kuuliza nyumba kwa nyumba.